Shahada ya chuo chenye jina, au pesa mkononi?

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotangazwa, Nairobi hurudia ubishi ule ule. Utausikia kwenye matatu ya Rongai, kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia na kwenye redio za asubuhi: ukiambiwa uchague kati ya shahada ya chuo kikuu chenye jina na pesa zote ambazo shahada hiyo ingegharimu, utachukua nini? Mmoja atamtaja binamu yake aliyesomea Uingereza, ambaye sasa yuko kwenye benki kubwa Upper Hill. Mwingine atamtaja muuza vipuri wa Kirinyaga Road ambaye hakufika kidato cha pili na ana nyumba za kupangisha Kasarani. Kila mtu ana shahidi wake, na kila mtu hushuka kituoni na msimamo aliopanda nao.

Ubishi hauishi kwa sababu swali limefunga pamoja vitu visivyopimika kwa kipimo kimoja. Tuvifungue kwanza, ndipo tuulize kipi kina uzito na kwa nani.

Kinachonunuliwa kwa karo

Mzazi anayelipa karo ya miaka minne hununua vitu vitatu kwa risiti moja. Kuna maarifa: kuweza kusoma mizania ya kampuni, kuchora daraja lisiloanguka, kumpima mgonjwa. Kuna cheti, yaani karatasi inayomwambia mtu asiyekujua kwamba chuo fulani kilikupima na ukapita. Na kuna watu: uliokaa nao darasani, waliokufundisha, na waliohitimu kabla yako ambao sasa wako wizarani, kwenye mabenki na kwenye mashirika.

Maarifa hayategemei sana jina la chuo. Hesabu inayofundishwa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ndiyo inayofundishwa Cambridge, na siku hizi mihadhara ya maprofesa wakubwa iko bure kwenye intaneti kwa yeyote mwenye bando na subira. Ninaposema chuo chenye jina, kwa hiyo, nakusudia chuo ambacho cheti chake kinaaminika kabla hujafungua mdomo, na ambacho watu wake wamekaa mahali penye maamuzi. Kiwe Harvard au Oxford, kiwe Chuo Kikuu cha Nairobi au Strathmore, tofauti ni umbali ambao jina hilo linasafiri.

Pesa nazo zina sura mbili. Kuna za mkupuo, zile unazopewa leo zikakaa kwenye akaunti, na kuna kipato kinachoingia mwezi baada ya mwezi. Anayesema pesa ni bora kuliko shahada huwa anawaza za mkupuo. Anayetetea shahada huwa anawaza kipato. Wanabishana juu ya vitu viwili, halafu wanashangaa mbona hawaelewani.

Hesabu ya milioni mbili

Tuvilete vyote kwenye kipato. Chukua shilingi milioni mbili, kiasi cha mfano tu, kwa mtoto anayesoma chuo cha binafsi miaka minne huku akilipiwa chumba, chakula na nauli.

Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani mkopo ambao wananchi huikopesha serikali, kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, bila kodi. Milioni mbili ndani yake zingeleta takriban Sh369,000 kwa mwaka, karibu Sh30,800 kwa mwezi, na mtaji wako ukarudi baadaye. Riba ya namna hiyo ilikuwa bahati ya msimu, na kufikia 2025 viwango vilikuwa vimeteremka sana. Basi tuseme asilimia 12: hapo ni Sh20,000 kwa mwezi, bila kuamka alfajiri kuwahi gari la Ngong Road.

Ili shahada ishinde, haitoshi mhitimu apate mshahara wa Sh50,000. Lazima mshahara huo uzidi kile ambacho angepata bila shahada, na uzidi kwa zaidi ya hizo Sh20,000. Hapa ndipo wengi hukosea. Huhesabu mshahara wote kama tunda la chuo, ilhali kijana yule yule, kwa akili na bidii ile ile, angekuwa anapata kitu fulani mahali fulani. Kama angepata Sh20,000 kwa mwezi katika ile miaka minne, hiyo ni Sh960,000 nyingine iliyoachwa mezani. Na miaka minne yenyewe ni ya kwenye karatasi. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma mwaka 2025 peke yake ulikula siku 49.

Hata hivyo, kwa wastani, shahada hushinda. Wanauchumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos, waliokusanya tafiti za nchi nyingi, waliandika mwaka 2018 kwamba kila mwaka mmoja wa masomo huongeza kipato kwa takriban asilimia 9 duniani. Katika Afrika kusini mwa Sahara faida ya chuo kikuu ni kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu wenye shahada bado ni wachache wakilinganishwa na watu wote. Lakini wastani huo hutokana zaidi na watu wenye mishahara, na Kenya zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako kwenye sekta isiyo rasmi. Mhitimu wa sosholojia anayeuza viatu Gikomba halipwi asilimia 9 zaidi kwa kila mwaka aliosoma. Mteja haulizi.

Wala shahada ngumu kuipata si kinga. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulihusu kwa sehemu kubwa madaktari wanafunzi wa kazi: mkataba ulitaja takriban Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa Sh70,000. Hao ni vijana waliopata alama za juu kabisa nchini. Pesa za hatifungani, wakati huo, zilikuwa zikiingia bila mgomo wowote.

Kwa nini mwajiri analipia jina

Kuna maelezo mawili, na wanauchumi wameyavutana kwa miaka mingi. La kwanza liliwekwa wazi na Gary Becker mwaka 1964: elimu ni mtaji uliomo ndani ya mtu. Umesoma, unaweza kufanya zaidi, basi unalipwa zaidi. La pili lilitoka kwa Michael Spence mwaka 1973: mwajiri hawezi kukuona ndani, kwa hiyo anatafuta ishara. Shahada ngumu ni ishara kwa sababu mvivu au mzito wa kuelewa angeshindwa kuipata, au ingemgharimu mno. Kwa maelezo haya, hata kama chuo hakikukufundisha chochote cha maana, kuingia na kutoka kwako salama kumeshamwambia mwajiri jambo. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, Becker mwaka 1992 na Spence mwaka 2001, na ukikaa na afisa wa ajira hapa Nairobi utaona wote walikuwa sahihi.

Hebu mfikirie afisa huyo. Ametangaza nafasi mbili, barua pepe 2,000 zimeingia kufikia Ijumaa. Hawezi kuzisoma zote, na bosi wake anataka majina 20 Jumatatu. Atachuja kwa kitu kinachoonekana haraka: alama, cheti cha taaluma, na jina la chuo. Anajua fika kwamba miongoni mwa wale 1,980 aliowaacha kuna wazuri kuliko baadhi ya 20 aliowachukua. Hilo halimsumbui sana. Akimwajiri mhitimu wa chuo chenye jina na akaharibu, hakuna atakayemlaumu. Akimwajiri wa chuo kisichojulikana na akaharibu, ataulizwa alimtoa wapi.

Hali haikuwa hivi zamani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970 kilikuwa peke yake nchini, na kilibaki peke yake hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984. Wakati huo shahada yoyote ilitosha. Rudi nyuma zaidi, hadi 1959, Tom Mboya alipoanza kuwapeleka vijana Marekani kwa ndege, vijiji vikichanga nauli. Karibu vijana 800 walikwenda katika miaka michache. Wangari Maathai alikwenda mwaka 1960, akasoma katika chuo kidogo cha masista mjini Atchison, Kansas, chuo ambacho wengi wetu tusingekijua kama si yeye. Hakuna aliyeuliza kina jina gani. Waingereza walikuwa wanafunga mizigo, ofisi zilikuwa tupu, na nchi ilikuwa na wasomi wachache. Mboya mwenyewe, nikitaja tu kando, hakuwa na shahada: alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji, akasoma mwaka mmoja katika Ruskin College, Oxford.

Wazazi waliolelewa kwenye simulizi za enzi hizo wakisema "soma upate kazi" hawasemi uongo. Wanasema kilichokuwa kweli. Leo Kenya ina vyuo vikuu zaidi ya 60. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka 1998 kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, vingine vikafuata, na kila mji mkubwa ukapata tawi juu ya duka la jumla. Cheti kilipokuwa cha wengi, kazi ya kuchuja ikahama kutoka kwenye shahada kwenda kwenye jina lililoandikwa juu yake.

Kuna ushahidi mwingine wa thamani ya karatasi, nao hautoki kwa wanauchumi. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti vya watumishi umefichua vya kughushi zaidi ya 2,000. Watu hawaghushi kitu kisicho na bei. Na walioghushi hawakuyataka maarifa, jambo linalompa Spence pointi moja.

Je, jina lenyewe linaongeza kitu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa kwenye ubishi wa matatu. Ukiona wahitimu wa chuo kikubwa wanalipwa vizuri, hujui kama chuo ndicho kilichowafanya hivyo au kama chuo kilichagua watu ambao wangefanikiwa popote. Wanafunzi wenye alama za juu, wenye nidhamu, wenye wazazi wa kuwalipia masomo ya ziada, wangeanguka kweli kama wangesomea mahali pengine?

Mwaka 2002 Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti uliotafuta njia ya kulijibu. Walichukua Wamarekani waliokubaliwa na vyuo vyenye jina, kisha wakawalinganisha waliokwenda huko na wale waliokubaliwa vilevile lakini wakachagua vyuo vya kawaida. Miaka baadaye mishahara yao ilikuwa karibu sawa. Kijana ndiye aliyekuwa na thamani, chuo kilimtambua tu.

Matokeo hayo yalinukuliwa sana, na yalipendwa hasa na wale wanaopenda kusema vyuo ni biashara. Lakini sehemu iliyobaki ya utafiti haikunukuliwa kwa kelele ile ile. Kundi moja lilinufaika na chuo chenye jina: watoto wa familia za kipato cha chini. Utafiti wao wa baadaye uliongeza Wamarekani weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana.

Ukiwa Nairobi huhitaji profesa akueleze kwa nini. Jina la chuo ni kama mjomba aliye ofisini. Mtoto wa Muthaiga tayari ana wajomba: mmoja yuko kwenye bodi ya kampuni, mwingine ni wakili, wa tatu alisoma na mkurugenzi. Kumwongezea mjomba wa nne hakumbadilishi sana. Mtoto wa Kayole ambaye mamake anauza mboga hana hata mmoja, na kwake huyu wa kwanza ndiye tofauti kati ya barua inayosomwa na barua inayobaki kwenye rundo. Mjomba huyu ana mipaka yake, kama wajomba wote. Anakufungulia mlango, hakufanyii kazi. Ukizembea miezi sita, anakaa kimya. Na anajulikana mahali fulani tu. Jina linalokuingiza ofisini Westlands huenda Toronto likaulizwa linaandikwaje.

Utafiti wa mwaka 2023 wa Raj Chetty, David Deming na John Friedman umeongeza kitu kingine. Walichunguza vyuo 12 vya juu kabisa Marekani, wakakuta kwamba kwa kipato cha kawaida cha mhitimu, kwenda huko badala ya chuo kizuri cha umma hakubadilishi mengi. Lakini nafasi ya kufika kileleni, kwenye ile asilimia moja ya wenye kipato kikubwa zaidi, hupanda kwa takriban nusu, na nafasi ya kuajiriwa na kampuni za hadhi huongezeka karibu mara tatu. Kwa maneno mengine, jina halikuinulii mshahara wa kawaida. Linakupa tiketi ya kuingia vyumba vichache ambavyo vinginevyo usingeingia. Waligundua pia kwamba mtoto wa tajiri ana zaidi ya mara mbili ya nafasi ya mtoto wa tabaka la kati ya kuingia vyuo hivyo, hata wakiwa na alama sawa. Tiketi nyingi zinakwenda kwa wenye wajomba.

Majina yasiyosaidia

Tahadhari moja kuhusu neno "jina", kwa sababu hapa wazazi hupoteza pesa nyingi. Orodha za vyuo bora duniani hazipimi kile mzazi anachofikiri zinapima. Katika orodha ya QS, kwa mfano, kipengele chenye uzito mkubwa kuliko vyote, asilimia 30, ni maoni ya wanataaluma kuhusu sifa ya chuo. Hiyo inasema mengi juu ya tafiti na machapisho. Haisemi mwanao atapata kazi Mombasa Road au la.

Na kwa taaluma nyingi jina halina nguvu mbele ya bodi. Uwe umesomea sheria Parklands au Oxford, huwezi kuwa wakili hapa bila kupitia Kenya School of Law kule Karen na kufaulu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Uhandisi ni hivyo hivyo: Bodi ya Wahandisi husajili waliohitimu kozi ilizozikubali, na kuna wanafunzi waliomaliza miaka mitano kisha wakagundua kozi yao haimo. Mhasibu mwenye CPA, cheti cha taaluma cha bodi ya mitihani ya KASNEB iliyoanzishwa mwaka 1969, mara nyingi humpita mwenye shahada ya biashara isiyo na CPA hata kama gauni la huyu wa pili lilishonwa vizuri zaidi. Kabla ya kuuliza chuo kina jina gani, uliza kozi yenyewe inatambuliwa na nani. Swali hilo halina mvuto kwenye mjadala wa redio, ila limeokoa karo za watu wengi.

"Matajiri hawakusoma"

Hoja hii hurudi kila mara, na ina ukweli ndani yake. Njenga Karume alianza kwa kuuza makaa, akafa mwaka 2012 akiwa tajiri mkubwa aliyewahi kuwa waziri. Gerishon Kirima alikuwa seremala, akaingia kwenye bucha na nyumba za kupangisha Eastlands, akawa mbunge wa Starehe.

Tatizo ni kwamba tunawataja waliofika. Waliouza makaa mwaka ule ule na wakabaki kuuza makaa hawana wa kuwataja. Tungekuwa wakweli tungeweka pia upande wa pili watu kama James Mwangi wa benki ya Equity, aliyesomea biashara Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini hata hapo tungekuwa tunabadilishana mifano tu, na mifano haiishi. Mimi humwangalia zaidi tajiri anavyotumia pesa zake: wengi wa matajiri wasio na shahada wamewapeleka watoto wao kwenye vyuo ghali kabisa. Wanajua kitu. Kama vile ninavyomtilia shaka msomi anayedharau shahada huku yake ameitia fremu ukutani.

Kisa cha Kirima kina somo jingine, la tofauti ya asili ya mali hizi mbili. Alifariki mwaka 2010. Mirathi yake ilizua mivutano ya miaka ndani ya familia. Ilikuwa Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoamua kwamba ekari takriban 1,000 za Njiru ni za warithi wake, baada ya kesi ndefu na watu waliokuwa wamejenga humo. Mali ile ilisimama kwa sababu kulikuwa na hati, na kwa sababu kulikuwa na watu wa kuzisoma hati hizo mbele ya jaji. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Shahada haiibiwi, haigombaniwi mirathi, wala hakuna mtu atakayejenga juu yake usiku. Lakini pia haiuzwi, hairithiwi, na hakuna benki itakayoichukua iwe dhamana ya mkopo. Mama akiugua usiku, hospitali itataka amana, na cheti chako cha daraja la kwanza hakitalazwa kaunta. Pesa hufanya kazi siku hiyo hiyo. Shahada hufanya kazi polepole, kwa miaka 30 au 40, mradi kuna soko la kuipokea.

Kuna pia shahada ya deni, ambayo wengi ndiyo wanayo. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4, nafuu kuliko mkopo wowote wa benki, lakini usipoulipa kwa wakati faini ni Sh5,000 kwa mwezi, na kazi nyingi za serikali zitakutaka uoneshe cheti cha HELB cha kutodaiwa kabla hujaanza kazi. Gharama yenyewe imekuwa ikihama. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya uliozipanga familia kwa madaraja ya uwezo, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba, ubishi ukahamia rufaa. Mzazi aliyepiga hesabu mwaka 2022 na aliyepiga mwaka 2025 walikuwa wanapima mizigo miwili tofauti.

Basi achukue nini?

Ukiniuliza mimi, inategemea mtu hana nini. Kijana mwenye alama za juu ambaye kwao hakuna aliyewahi kuvaa gauni la mahafali, achukue chuo chenye jina. Kwake zile milioni mbili ni ngumu kuzilinda: zikijulikana tu, zina ada ya shule ya mpwa, paa la nyanya, na mradi wa kuku wa binamu, na hakuna mtu wa kumwambia hatifungani hununuliwa vipi. Jina la chuo hakuna jamaa atakayemkopa.

Mtoto wa mfanyabiashara wa Eastleigh aliyekulia dukani, anayejua bei ya kontena kutoka Guangzhou na anayeaminiwa na wauzaji kwa jina la babake, anaweza kuchukua pesa bila kujuta sana. Mjomba anaye, ujuzi anao, na soko lake haliangalii cheti. Akitaka kusoma, asome jioni.

Wa katikati ndio wenye kazi ngumu: mwenye alama ya wastani, mzazi aliyejibana, na barua ya kujiunga na chuo cha binafsi ambacho si kibaya wala hakivumi. Hapo jina ni dogo, bei ni kubwa, na naona mara nyingi stashahada ya ufundi pamoja na sehemu ya pesa zilizobaki ingempeleka mbali zaidi. Wazazi hawapendi kuisikia hiyo. Harusini hakuna anayetangaza kwamba mwanangu ni fundi wa majokofu, ingawa fundi huyo huenda ndiye aliyelipia keki.

Na kwa wale wa kundi la kwanza, kuna jambo ambalo swali lenyewe hulificha, kwa sababu linadhani jina kubwa lazima ligharimu pesa kubwa. Mwaka mmoja Harvard, kwa anayelipa mwenyewe, unazidi dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 10. Lakini Machi 2025 chuo hicho kilitangaza kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye familia yake inapata hadi dola 100,000 kwa mwaka, akiwa na mali ya kawaida, hatalipa chochote. Harvard, Yale, Princeton na MIT pia husema kwamba hawaangalii uwezo wa familia wanapoamua nani wamkubali, hata awe mgeni. Kwa mtoto wa Kayole, chuo ghali kuliko vyote kinaweza kuwa cha bei ya chini kuliko bweni la hapa. Mlango ni mwembamba mno, na siasa za Marekani zinaweza kuubana zaidi: Mei 2025 serikali ya huko ilijaribu kuizuia Harvard kupokea wanafunzi wa kigeni, mahakama ikasimamisha amri hiyo. Programu kama KenSAP, iliyoanzishwa mwaka 2004, imekuwa ikiwaandaa Wakenya wa familia zisizo na uwezo kwa maombi hayo.

Tarehe ndiyo huwaponza wengi. Maombi ya Harvard hufungwa Januari mosi, na matokeo ya KCSE kwa kawaida hutoka siku chache baadaye, wakati mzazi ndiyo kwanza anaanza kuuliza. Anayetaka mlango huo hupangia mwaka unaofuata, na maandalizi ya mitihani, insha na barua za walimu huanza mapema katika mwaka huo wa kusubiri.